Jiwe Linalotoka Jasho

Ukitaka kugombana na kijiji kizima kwa siku moja, nenda kakiulize kilianza vipi. Wa upande wa mashariki watakuambia mwanzilishi wao alipigilia kigingi kwenye kichwa cha nyoka mweusi aliyebeba Bara Hindi yote mgongoni, na ndiyo maana ardhi yao haijawahi kutetemeka. Wa magharibi watakuambia huo uongo mtupu, nyoka hakupigiliwa, aliombwa alale akakubali, na siku akichoka atageuka ubavu, tuone hicho kigingi kitawafaa nini. Watabishana hivyo mpaka mate yawakauke. Wa ng'ambo ya ua wa miiba hakuna anayewauliza. Hao ni watu wa ngoma, na mtu wa ngoma kazi yake ni kusikika akiamriwa. Jina la kijiji silitaji. Hawajanifanyia jema lolote hata niwatangazie jina.

Miaka pale haiendi mbele. Inazunguka bwawa kama ng'ombe wa kinu cha mafuta, imefungwa kitambaa machoni. Mtu anaweza kutoka kwake asubuhi ana miaka themanini na saba, akapinda kona ya ukuta ana saba, akafika aendako hajui mkono alioushika ni wa nani. Wenyeji wamezoea, hawaulizani. Mimi sijazoea, na kila nikikaa kukieleza kijiji hiki hasira hunipanda.

Lakini kuna jambo moja ambalo mashariki na magharibi hawabishani, nalo ni mawe manane ya kando ya bwawa. Saba yamepakwa mafuta na rangi nyekundu. Ni ya wanaume saba waliouawa na polisi wa Mwingereza, zamani za kudai uhuru, kijiji kilipokata waya wa simu uliokuwa ukipeleka sauti ya mtawala kutoka kambi hadi kambi. Walikata urefu wa nguzo arobaini, wakaufunga kwenye magunia, wakauzamisha bwawani. Sauti ya mfalme wa ng'ambo ililala kwenye tope pamoja na kambare, na kwa wiki tatu wilaya nzima ilikuwa bubu. Hilo walilifanya kweli, na lilitaka moyo. Siku walipoingia majini kuutoa waya wakaufiche kwingine, polisi walitokea mlimani, na ngoma ya hatari, iliyopaswa kulia, haikulia. Sita walifia majini. Wa saba, Mukhi Vajesang, mkuu wa kijiji, alitoka mbio mikono mitupu, miguu peku, mwili mzima unachuruzika maji, akazikabili bunduki kwa kifua. Alianguka kwenye ngazi za bwawa.

Jiwe lake ndilo la kwanza, na ndilo linalotoka jasho. Kila mwaka siku hiyo, hata kiangazi kiwe kimelipasua bwawa, linalowa tangu alfajiri. Matone yanashuka kwenye rangi nyekundu, na watu wanapanga foleni kuyaramba. Wengine wanasema ni jasho la mbio za shujaa, wengine wanasema mungu wa kike wa bwawa alimkumbatia kabla hajafa. Wanaramba tu. Wagonjwa wanaramba, wenye kesi wanaramba, wanaotaka kiti cha udiwani wanaramba mara mbili.

Jiwe la nane halina rangi. Ni la Khimo, mpiga ngoma. Hilo linapigwa champali, tena si champali yoyote, bali ya kushoto ya Vajesang mwenyewe, aliyoivua, wanasema, ili akikimbilie kifo chake kwa kasi. Anayepiga anauliza kwanza: "Ngoma yako ilikuwa wapi, Khimo?" Kisha paa. Wakimaliza zamu ya hiyo moja, wanavua zao wenyewe na kuendelea. Nao kwa ubaya wao wamepanga kwamba pigo la kwanza ni la mtoto wa msaliti. Jivi, binti Khimo, akishapiga, watu wa ngoma wanaruhusiwa kuteka maji kwenye ngazi ya chini kwa mwaka mwingine. Asipopiga, wakachimbe mchanga. Jivi amepiga tangu ana miaka kumi na miwili. Amempiga baba yake mara sabini na tano.

Mwaka huu ujumbe ulikuja kupitia juu ya ua wa miiba, kwa kupigiwa kelele, maana hakuna anayeingia kule. Mkono wa Jivi umelegea. Mwaka jana pigo lake halikusikika. Sasa aanze mjukuu wake, Kanku.

Kanku alikuwa anakanda unga wa mtama, tumbo lake la miezi saba limegusa sinia.

"Bibi, ni pigo moja tu," alisema bila kuinua macho. "Jiwe halina ngozi. Napiga, tunateka maji, yamekwisha."

"Nami niliambiwa hivyo hivyo."

"Na maji tumekunywa."

"Tumekunywa."

"Basi unataka nizae na kiu?"

Jivi alilitazama tumbo lile. Alichokuwa anakitaka duniani kilikuwa kimoja sasa: champali ile isishikwe na mkono wa Kanku. Ikishashikwa, haitatoka tena. Itapita kwa huyu wa tumboni, na kwa wa tumboni mwake huyo, mpaka nyoka ageuke ubavu.

"Na huyo naye," aliuliza, "ataanza lini kupiga?"

Vidole vya Kanku vilisimama juu ya unga. Kisha, bila yeye kuvituma, vikaanza kugonga pembeni ya sinia. Tatu fupi, moja ndefu, tatu fupi. Jivi alimfundisha mdundo ule tangu mdogo, juu ya magoti, kwa ncha za vidole, kama wengine wanavyofundisha watoto kuhesabu. Ndio mdundo wa hatari. Hakuna mtu hai aliyewahi kuusikia kwenye ngozi.

"Bibi, kweli baba yako aliuza watu?"

Jivi alipokuwa na miaka saba aliwahi kuusema ukweli, mbele ya watu, na kinywa chake kilipigwa kwa champali mpaka meno mawili yakabaki mchangani. Tangu hapo ukweli huo alikuwa anaumeza kila asubuhi pamoja na mate.

Aliinuka, akaitungua ngoma ukutani. Ameiwamba ngozi mpya mara kumi na moja, ngoma ambayo hajawahi kuipiga. Mikwiro, vile vijiti viwili vya kupigia, haikuwa yake. Katika kijiji hicho ngoma inakaa kwa mpigaji, mikwiro inatundikwa ndani ya nyumba ya Mukhi. Ndivyo walivyoamua wakubwa wao toka enzi na enzi: mtu wa ngoma abebe sauti, lakini ruhusa ya kuitoa ikae ukutani kwa mwingine. Na mtu wa ngoma havuki kizingiti cha Mukhi. Akivuka, nyumba inachafuka.

Akatoka na ngoma begani. Kwenye kona ya ukuta wa udongo akapinda, na ngoma ikawa si begani mwake tena.

Ilikuwa begani mwa baba. Jivi alikuwa amelishika pindo la shati lake, anakimbia, miguu yake mifupi inachapa vumbi. Juu ya mlima vumbi jingine lilikuwa linashuka, na ndani yake vitu vilimetameta. Khimo alifika mlangoni kwa Mukhi akasimama ghafla, kama amefika ukingoni mwa kisima. Mlango ulikuwa wazi. Mikwiro ilionekana ukutani, nyekundu, imeninginia kwa uzi. Kutoka kizingitini hadi pale hatua tatu. Jivi alizihesabu kwa macho, maana ndiyo kwanza alikuwa amejua kuhesabu. Kando ya kizingiti kulikuwa na champali mbili zimepangwa vizuri, za mtu aliyekwenda kuoga.

"Mukhi," baba aliita. "Vumbi mlimani. Wanakuja. Nipe mikwiro."

"Ngoja, Khimo." Sauti ilitoka uani, tulivu. "Ndiyo kwanza kata ya pili. Sijatakasika. Nitaishikaje mikwiro ya kijiji?"

Kata saba za maji, dua kati ya kata na kata. Ndivyo Mukhi alivyooga, na baba yake hivyo, na kabla ya hapo hakushika kitu chochote cha wote. Maji yakamwagika. Jivi akahesabu tatu.

"Wamefika tanuri la matofali, Mukhi."

"Nasikia. Usiingie tu. Ukiingia itabidi nianze upya."

Nne. Mguu wa kulia wa baba uliinuka juu ya kizingiti, ukakaa hewani, ukarudi. Ukainuka tena, ukarudi. Tano. "Mukhi, nakuomba." Dua, polepole, kila neno limetamkwa vizuri. Sita. Kabla ya kata ya saba bunduki zililia bwawani.

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo, na asiyetaka kulisikia aende akarambe jiwe. Watu wale walikuwa wamekata sauti ya mfalme wa nusu ya dunia. Walimwambia Mwingereza usoni kwamba ardhi hii si yako, toka. Na asubuhi hiyo hiyo, mmoja wao alikufa kwa kata ya maji na mwingine akaoza akiwa hai kwa hatua tatu, kwa sababu wa ndani hakuweza kutoka akiwa mchafu na wa nje hakuweza kuingia akiwa yeye. Nani aliwakataza? Polisi walikuwa bado tanurini. Hakuna aliyesimama kati ya wawili hao ameshika bunduki. Mtawala yupi huyo ambaye hata akiwa hayupo anatiiwa, na ukimtafuta umfukuze humuoni, kwa kuwa amekaa kwenye mguu wako wa kulia? Nimeliuliza swali hili miaka mingi. Sijapata mtu wa kunijibu bila kunikasirikia.

Vajesang alitoka kwa mlango wa uani. Alikimbia kama alivyo, na maji yake mwilini, kuelekea kwenye bunduki, ilhali angeweza kujificha. Ushujaa huo sitamnyima. Nasema tu kwa nini alikuwa amelowa.

Miaka mitano baadaye bendera ya uhuru ilipandishwa na Khimo akaitwa apige ngoma ya furaha. Mikwiro alitupiwa chini aokote, kama kawaida. Aliitazama muda mrefu. Kisha akageuka, akaondoka, akapita ua wa miiba na kupotelea mashambani, na hakuna aliyemwona tena. Hapo ndipo walipopata uhakika. Asiyeucheza uhuru aliuuza. Kijiji kinahitaji mashujaa saba, ndiyo, lakini kinamhitaji zaidi mtu mmoja wa kulaumiwa. Jiwe la nane walilichimbia jioni hiyo hiyo.

"Unatafuta nini mlangoni kwangu?"

Jivi alipepesa macho. Alikuwa na miaka themanini na saba, ngoma imemwelemea begani, na mbele yake, upande wa ndani wa kizingiti, alisimama Pratapsang, Mukhi wa sasa, mjukuu wa Vajesang, mtu wa masharubu meupe na shati lililopigwa pasi. Nyuma yake mikwiro ilikuwa pale pale.

"Nimefuata mikwiro, Mukhi."

"Leo haipigwi ngoma. Leo linapigwa jiwe. Mjukuu wako ameambiwa?"

"Ameambiwa."

"Basi nenda kanawe uso. Umekaa kama mtu aliyefiwa."

"Babu yako alikuwa anaoga," Jivi alisema.

Alilisema taratibu, bila kupandisha sauti, neno alilolimeza miaka themanini. Alitarajia kofi. Pratapsang alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akainama kidogo, na akaongea kwa sauti ya chini iliyojaa chuki.

"Unadhani sijui? Bibi yangu ndiye aliyekuwa anamchotea. Kata ya saba alibaki nayo mkononi. Alikufa anaisimulia."

Jivi alishika fremu ya mlango kwa nje.

"Mnajua," alisema. "Na mnampiga baba yangu."

"Sikiliza, mwana wa Khimo. Kila kijiji cha wilaya hii kina wafu wa uhuru. Chetu kina mmoja aliyelowa. Barabara ilikuja kwa ajili yake. Shule ilikuja kwa ajili yake. Ukweli wako utatuletea nini? Utamfanya babu kuwa mtu aliyechelewa. Wewe unataka nchi nzima ije iangalie jiwe la mtu aliyechelewa?"

"Nataka Kanku asiishike champali."

"Asipoishika hamtateka hata tone. Na kwa tumbo lile hafiki wiki." Alijinyoosha, akafunga kifungo cha juu cha shati. "Iache hiyo ngoma hapo, inakuzuia kutembea. Adhuhuri nikuone bwawani."

Jivi akaivua ngoma, akaiweka chini kando ya kizingiti, pale pale champali zilipokuwa zimepangwa. Alitembea kwenda bwawani mikono mitupu. Njiani alikuwa akijisemea, na aliyempita alidhani bibi wa watu amerukwa na akili. Wanajua. Wanajua. Sabini na tano. Nilimpiga, nao wanajua. Mkono huu. Baba, mkono wangu huu huu, nao wanajua.

Adhuhuri jua lilikuwa wima na bwawa limejaa watu pande tatu. Upande wa nne walisimama watu wa ngoma, mitungi mitupu vichwani. Foleni ya kuramba ilikuwa imekwisha. Jiwe la Vajesang lilikuwa linachuruzika. Pratapsang alisema maneno yake ya kila mwaka, akataja waya, akataja nguzo arobaini, akataja kifua kilichozikabili bunduki, na wengine walilia, tena machozi ya kweli. Kisha akaitupa champali ya babu yake chini, mbele ya Kanku.

"Uliza, kisha upige."

Kanku aliinama kwa shida, mkono mmoja kiunoni. Akaiokota. Ilikuwa ya ngozi nene, imepinda kwa uzee, na ndani yake bado kulikuwa na alama ya kisigino cha mtu.

Jivi alikuwa karibu na jiwe la kwanza kuliko alivyowahi kuwa maishani. Akasikia sauti. Haikuwa na utukufu wowote. Ilikuwa sauti ya mzee mwenye baridi.

"Khimo ameshaondoka?" jiwe liliuliza.

"Ameondoka, Mukhi. Mimi binti yake."

"Imebaki kata moja. Mke wangu amesimama na kata mkononi, hamwagi, hashushi. Miaka yote hii nimelowa nusu, mwanangu, na wananiramba. Huna hata kitambaa?"

Kuna watu watakaosema aliota. Haya. Kijiji kizima kilimwona alivyosogea, akautoa upande wa sari yake kichwani, nywele zake nyeupe zikabaki wazi juani, akaanza kulifuta jiwe. Alilianzia juu kushuka chini, mabega, kifua, ubavu, kama mtu anavyomfuta mgonjwa wake. Umati uliguna. Watu wakasogea hatua moja, wakasimama. Kumzuia ilibidi wamguse, na hakuna aliyekuwa tayari kumgusa mtu wa ngoma siku takatifu, akachafuka, akaanza kuoga upya. Kwa hiyo walimtukana tu. Walimtukana mama yake, na mama wa mama yake. Champali moja ilirushwa ikampiga sikioni, damu ikatoka, hakugeuka.

"Alikuwa anaoga," alisema, na safari hii wote walisikia. "Baba alikuwa mlangoni anaomba mikwiro, na yeye alikuwa anaoga. Sasa amekauka. Mwacheni apumzike."

Walingoja tone jipya. Watu mia nne walilikodolea macho jiwe, na halikutoa kitu. Mwanamke mmoja mzee wa upande wa mashariki akajikokota, akatoa ulimi, akaramba, akatema vumbi.

"Piga!" Pratapsang alimfokea Kanku. Sauti ilimpasuka. "Uliza, upige!"

Kanku alikuwa anaitazama champali. Aliigeuza, akaona kisigino. Alimtazama bibi yake aliyekuwa anatiririka damu shingoni na bado anafuta jiwe lililokwisha kukauka. Kisha akaiweka chini, akainua mguu wake wa kushoto, akaivaa.

Katika kijiji kile mtu wa ngoma hapiti na kiatu mbele ya mlango wa Mukhi, sembuse kiatu cha Mukhi. Kanku alianza kutembea, mguu mmoja una champali na mmoja peku, tumbo mbele, kuupanda mtaa mkubwa. Aliukata umati katikati. Walimpisha wenyewe, wakivuta nguo zao kando zisimguse, huku wanamlaani. Pratapsang alisimama njiani kwake mpaka zikabaki pumzi mbili kati yao. Kisha naye akasogea.

Kutoka bwawani huoni ndani ya nyumba ile. Jivi hakuhitaji kuona. Aliegemea jiwe, akafumba macho, akahesabu kama alivyohesabu siku ile. Kizingiti. Moja. Mbili. Tatu.

Ikalia. Tatu fupi, moja ndefu, tatu fupi. Ilitoka mlangoni kwa Mukhi, ikashuka mtaa, ikagonga maji, ikarudi kutoka mlimani, na ikaanza tena bila kupumzika. Mashariki walitazama magharibi. Kwa miaka themanini walikuwa wameuliza ngoma iko wapi, na sasa ilikuwa inalia, na hakuna hata mmoja aliyejua akimbilie wapi. Walibaki wamesimama juani, kila mtu champali moja mkononi na mguu mmoja peku, wakiangaliana.